Donge la Haya

Treni ya asubuhi iendayo Matsue hupita kandokando ya Ziwa Shinji, karibu sana na maji, na siku za ukungu abiria hujiona kama wanaelea. Nagafuchi Teruo alikuwa na kiti chake upande wa ziwa. Hakikuwa chake kwa haki yoyote. Wasafiri wenzake walishazoea kumwachia, naye kila asubuhi aliwaambia wasijisumbue, akae yeyote atakaye, mpaka mmoja wao amsukume kidogo begani ndipo akae. Akishakaa aliegemeza paji la uso kwenye kioo akawatazama wavuna chaza wakitokeza na kupotea ndani ya weupe, kila mmoja amesimama katika mashua yake na reki ya mpini mrefu mikononi, wakikwangua chini ya maji bila sauti. Hapo ndipo fikra zake bora zilipomjia. Jioni, wakati wa kurudi, zilimjia vilevile, na ndiyo maana mara moja moja alisahau kushuka kwenye kituo chake.

Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, shingo imepinda kidogo kwa mazoea ya kuinamia watu. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Mama yake, Bi Kinue, aliyekuwa akiishi naye katika nyumba ya zamani karibu na ziwa, alipenda kusema kwamba mwanawe alichelewa kuzaliwa kwa sababu alikuwa akiwapisha wengine.

Kazi yake ilikuwa ndani kabisa ya kompyuta, kwenye ile programu mama inayozigawia programu nyingine zote nafasi na zamu. Wenyewe huiita kiini. Humo kiinini Teruo alishughulika na jambo moja tu, nalo ni kujua nani ametumia kumbukumbu kiasi gani. Kumbukumbu ya mashine imekatwakatwa kurasa, na programu zimewekwa makundi makundi, kila kundi na kiwango chake. Programu ikichukua ukurasa, kundi lake huandikiwa. Ikiurudisha, hufutiwa. Ingekuwa kazi ya mtoto kama mashine ingekuwa na mkono mmoja wa kuandikia. Lakini mashine za siku hizi zina mikono mingi, prosesa nyingi zinazofanya kazi kwa wakati uleule, na mbili zikiandika mahali pamoja kwa nukta moja, moja huifutia nyingine na hesabu ikawa uongo. Kwa hiyo huwekwa kufuli. Anayetaka kuandika hulishika kufuli, huandika, huliachia, na mwingine hulichukua.

Ukimuuliza Teruo kufuli ni kitu gani, angekwambia kwamba kufuli ni adabu. Ni namna ya prosesa kuambiana "tafadhali". Alisema hivyo kwa dhati kabisa, na wageni ofisini walidhani anatania.

Meza yake ilitazamana na ya Bi Sakane Mihoko. Huyu alikuja Matsue kutoka Yonago, mwanamke mdogo wa umbo, miwani juu ya nywele na hajui iko wapi, na mwavuli wa rangi ya damu ya mzee ambao hakuuacha hata jua likiwaka, maana watu wa upande ule wana msemo kwamba usahau chakula chako lakini mwavuli usiusahau. Sifa yake katika fani ilitokana na jambo moja alilolifanya akiwa bado kijana. Aliona kwamba prosesa zinapoteza muda kukimbilia kufuli la kundi kwa kila ukurasa mmoja. Akasema, mpishi haendi ghalani kwa kila chembe ya chumvi. Huchota konzi moja akaweka karibu na jiko. Basi kila prosesa ichote konzi ya kurasa, itumie polepole, ikiisha ndipo irudi kwenye kufuli. Wakubwa wakamuuliza, je, hesabu haitapotoka kidogo? Akajibu kwamba hesabu haihitaji kuwa kweli kila nukta, inahitaji tu isidanganye sana. Teruo alilisikia jibu hilo siku ile ya kwanza, akainua kichwa kumtazama aliyelitoa, na tangu siku hiyo hakukishusha sawasawa.

Alimpenda. Tuseme mapema, maana yeye mwenyewe ungemngoja mpaka ziwa likauke. Alimpenda kwa miaka na miaka, kwa kumfungulia mlango, kwa kumwachia upande wa meza wenye joto, kwa kumsomea kazi yake neno kwa neno na kuisifu kwa sentensi fupi. Naye Mihoko, ambaye hakuwa kipofu, alimngoja aseme, na kwa kuwa hakusema, alidhani pengine hana la kusema, na hakutaka kumtia aibu mtu mwema kwa kumtangulia. Mafahali wawili hawakai zizi moja, wahenga walitwambia. Kuhusu kondoo wawili waliosimama mlangoni mwa zizi, kila mmoja akimwambia mwenzake apite, hawakutwambia kitu.

Majira hayo baridi ilikuwa ikikaribia kwisha. Mwezi wa tatu ndio mwezi wa uhamisho katika nchi ile, na makao makuu walileta habari kwamba tawi la Sapporo, kaskazini kabisa ya nchi, linataka mtu mmoja anayejua hesabu za kumbukumbu. Wenye ujuzi huo walikuwa wawili tu. Mkuu wa kitengo, Bwana Todo, mnene, mwenye sauti ya kuita feri, aliwaita mmoja mmoja.

"Bwana Nagafuchi, Sapporo. Unataka kwenda ama hutaki?"

"Itategemea Bi Sakane anavyopenda, Mkuu. Akitaka kubaki, nitakwenda mimi. Akitaka kwenda, nisimzibie."

Akamwita wa pili.

"Mimi nitafuata atakavyo Bwana Nagafuchi," alisema Mihoko. "Ana mama mzee. Lakini labda angependa kubadili hewa. Aulizwe yeye kwanza."

"Nimeshamuuliza yeye kwanza."

"Alisemaje?"

"Alisema uulizwe wewe kwanza."

Wiki zikapita namna hiyo. Bwana Todo aliwauliza kwenye korido, aliwauliza kwenye lifti, akarudi na jibu lilelile limevaa nguo tofauti. "Jamani nyinyi," alisema siku moja, akijifuta jasho katikati ya baridi, "mmenifanya mpira wa meza. Huyu ananipiga kule, yule ananirudisha huku." Nao waliinama wote wawili, wakaomba radhi kwa pamoja, kisha kila mmoja akamwomba radhi mwenzake kwa kuomba radhi pamoja naye.

Ndipo mashine za mteja mmoja wa Osaka zilipoanza kuugua. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa ajabu. Mashine haikuzima. Haikulala pia, kwa sababu prosesa zake zilikuwa zikichemka kwa kazi na feni zikivuma kwa nguvu zote. Ila hakuna kilichotoka. Ukichungulia hesabu ya kumbukumbu unaikuta imesimama palepale, haipandi wala haishuki. Ukitafuta nani ameshika kufuli kwa muda mrefu, hakuna. Kila kufuli lilikuwa likishikwa na kuachiwa, likishikwa na kuachiwa, kwa kasi ya kutisha, na hakuna aliyekuwa akimnyima mwenzake.

Teruo aliuchukua ugonjwa huo ndani ya treni. Akiwa ameegemea kioo aliiona mashine kama ziwa lenyewe, nyeupe, na ndani ya weupe huo mashua mbili zikikaribiana, zikisita, zikirudi nyuma, zikikaribiana tena. Alijua kwamba anaona kitu lakini hakujua ni nini. Aliposhuka mjini mvua ya manyunyu ilikuwa ikinyesha, na Mihoko amesimama nje ya kituo chini ya mwavuli wake mwekundu, kama asubuhi nyingine nyingi.

"Nilikuwa napita," alisema Mihoko, ambaye nyumba yake iko upande mwingine kabisa wa mji. "Umeleta mwavuli?"

"Nimeleta. Umo kwenye mkoba."

"Basi utoe."

"Ah, haina haja, manyunyu tu haya."

Wakatembea, Teruo nje ya mwavuli wa mwanamke kwa heshima, na Mihoko akiuinamisha upande wake kwa heshima, mpaka mwavuli ukawa hewani katikati yao na wote wawili wakalowa.

Mchana wa siku ile Bwana Todo aliwapeleka kula kwenye mgahawa mdogo kando ya mfereji, ambako mwenye mgahawa, Bi Oku, hakuwa na haja ya kuwauliza wanataka nini. Aliwaletea supu ya chaza, wali, na sahani ya mkate wa samaki, ule wa pale Matsue, nyama ya samaki anayeruka iliyopondwa, ikazungushwa kwenye kijiti na kuchomwa mpaka ngozi yake ikawa kahawia, kisha ikakatwa vipande vya mviringo. Walikula, walizungumza juu ya mashine za Osaka, na sahani ikapungua hadi kikabaki kipande kimoja.

Watu wa kule wana jina la kipande hicho. Chakula kikiwa cha pamoja, cha mwisho hakuna anayekigusa, kila mmoja akimwachia mwenzake, kikabaki peke yake katikati ya sahani mpaka kikauke. Hukiita donge la haya. Katika meza nyingi donge hilo hukaa kidogo tu, mwishowe akatokea mwenye njaa. Kwenye meza ya Teruo na Mihoko halikuwahi kuliwa. Bi Oku alishazoea kulirudisha jikoni akampa paka.

"Chukua, Bi Sakane," alisema Teruo.

"Hapana, chukua wewe. Mimi nimeshiba."

"Na mimi nimeshiba."

Lakini siku hiyo baridi iliwatia njaa wote wawili, na kwa bahati mbaya vijiti vyao vilinyanyuka kwa pamoja. Vikakutana juu ya sahani. Vikarudi nyuma kwa pamoja. Kila mmoja, kuona mwenzake amerudi, akafikiri basi hataki kweli, akanyoosha tena. Vikakutana. Vikarudi.

"Paka wa Bi Oku atakufa kwa unene," alisema Bwana Todo. "Mnatoka jasho kwa kazi ya kutokula. Sijapata kuona."

Vijiti vya Teruo vilibaki hewani. Alikitazama kile kipande, kisha akamtazama Mihoko, na akaona kwamba na yeye amekikazia macho, mdomo wazi kidogo.

"Osaka," alisema Mihoko.

"Osaka," alisema Teruo.

"Osaka imefanya nini?" aliuliza Bwana Todo.

Ilikuwa hivi. Ili ukurasa uandikwe vizuri yanahitajika makufuli mawili, la kundi na la ukurasa wenyewe. Upande wa kuandika ulikuwa kazi ya Teruo, naye hushika la kundi kwanza ndipo la ukurasa. Upande wa kuhamisha kurasa kutoka kundi hadi kundi ulikuwa kazi ya Mihoko, naye huanza na la ukurasa. Kila mtu wa fani anajua hatari iliyopo hapo: huyu kashika hili anangoja lile, yule kashika lile anangoja hili, wakafa wamesimama. Kwa hiyo wote wawili, bila kushauriana, kila mmoja katika upande wake, walikuwa wameandika jambo la kiungwana. Ukikuta kufuli la pili lina mtu, usingoje. Achia la kwanza, rudi nyuma, mpishe mwenzako, kisha anza upya. Na Osaka, kwenye mashine mpya zenye prosesa nyingi, pande hizo mbili zilikutana sawasawa, zikapishana sawasawa, zikaanza upya sawasawa. Hakukuwa na mkaidi hata mmoja ndani ya mashine ile. Ilikuwa ikifa kwa adabu.

Mihoko alicheka mpaka akashika ubavu. Teruo naye alicheka, lakini kicheko chake kilikatika njiani, na alikaa muda mrefu akikitazama kile kipande bila kujua kwa nini koo limemkaba. Bi Oku alikuja akaondoa sahani.

Ungedhani kazi iliyobaki ni nyepesi: mmoja aache kurudi nyuma. Hapo ndipo tabu ilipoanza. Ni desturi ya kazi ile kwamba marekebisho hujadiliwa kwa barua za wazi, mbele ya watu wa nchi zote wanaoshughulika na kiini, hata kama wewe na mwenzako mnatazamana. Teruo aliandika kwamba upande wake uko tayari kusubiri, na upande wa Bi Sakane utangulie, kwa kuwa umeandikwa vizuri zaidi. Mihoko aliandika kwamba la hasha, upande wa Bwana Nagafuchi ndio wenye kazi nyingi, utangulie huo. Teruo alishukuru na kukataa. Mihoko alishukuru na kukataa. Mpaka mtu mmoja wa Prague, ambaye hawakupata kumwona uso, akaandika mstari mmoja: "Ndugu zangu, mashine inaungua. Yeyote kati yenu."

Hapo Mihoko aliondoa mikono kwenye kibodi akasema kwa mdomo, jambo ambalo halikuwa desturi.

"Bwana Nagafuchi. Kuna raha gani kupishana mlangoni mpaka nyumba iteketee?"

"Lakini nikitangulia mimi, wewe utakuwa na kazi mara mbili. Itabidi ushike la kundi kwanza, halafu uhakikishe ukurasa bado ni wa kundi lile. Si haki."

"Nani kakwambia nataka haki? Nataka iishe."

Aliandika marekebisho mwenyewe, mchana mmoja, miwani juu ya nywele. Tangu sasa kila mtu ataanza na kufuli la kundi, la ukurasa baadaye. Anayelipata la kwanza alikamate, asiliachie kwa kumwonea mwenzake haya. Na mahali ambapo pande mbili hukutana, palepale ndani ya programu, ambapo wenye fani huacha neno kumweleza atakayesoma, Mihoko aliacha maneno haya: "Upande wa Nagafuchi hutangulia. Upande huu unamsubiri. Tafadhali asirudi nyuma tena."

Teruo aliyasoma, akaona yako sahihi, akaweka jina lake chini kuthibitisha. Mihoko alimtazama akifanya hivyo. Alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akashusha miwani akageukia dirisha.

"Sapporo wanasema theluji hufika madirishani," alisema. "Chaza wa huko sijui wakoje."

"Nadhani ni wazuri," alisema Teruo.

Masikini. Mtu kufunguliwa mlango hadi ukuta ukamegeka, naye akasifu bawaba.

Siku ileile Bwana Todo aliwaita wote wawili pamoja, maana alikuwa amechoka. Alisema makao makuu hawangoji tena. Ijumaa jioni watakula kwa Bi Oku kusherehekea kupona kwa Osaka, na hadi wainuke mezani, kama hajasikia neno, ataamua yeye. "Na uamuzi nimeshaufanya. Bwana Nagafuchi ana mama. Atakwenda Bi Sakane." Mihoko aliinama. Teruo aliinama. Nje mvua ilikuwa ikiendelea.

Alhamisi jioni Teruo alipanda treni, akaegemea kioo. Ziwa lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Maneno ya Mihoko yalikuja yenyewe, kwa mdundo wa reli, kama anavyokuja wimbo usiotafutwa. Upande wa Nagafuchi hutangulia. Upande huu unamsubiri. Alikuwa akiyapenda maneno hayo, yalikuwa mafupi, hayakuwa na neno la ziada. Kisha akafikiri kwamba kwa kweli neno la ziada lipo. "Tena." Asirudi nyuma tena. Marekebisho hayahitaji "tena". Mashine haijui jana. Na "tafadhali" nayo, nani humwambia prosesa tafadhali? Ni yeye, Teruo, anayesema kufuli ni adabu. Na mwanamke huyu hakuwa mtu wa kuandika neno lisilo na kazi.

Treni ikasimama, akashuka bila kutazama, na ilipoondoka ndipo alipoona kwamba kituo si chake. Kilikuwa kituo kidogo mbali sana na kwao, sakafu ya saruji, benchi moja, na maji karibu na miguu. Hakukuwa na mtu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka hakuonekana mwanzo wa ziwa wala mwisho wa mbingu, na ndani yake kengele ya treni iliyokwenda zake ilikuwa bado ikisikika, ndogo, ikizidi kuwa ndogo. Teruo alikaa kwenye benchi. Aliuona mwavuli mwekundu nje ya kituo cha mjini, asubuhi baada ya asubuhi, mwanamke anayepita mahali ambapo si njia yake. Aliviona vijiti vikikutana na kurudi. Alijiona yeye mwenyewe miaka yote hiyo, akipisha, akipisha, akidhani anatoa, kumbe alikuwa akimwacha mtu amesimama mlangoni. Donge likamkaa kooni, na safari hii alijua ni donge gani. Alilia kidogo, pale, peke yake, na hakumwomba mtu radhi.

Bi Kinue alikuwa amekwisha kula aliporudi.

"Umepitiliza tena wewe?"

"Nimepitiliza, Mama."

"Ulikuwa unawaza nini safari hii?"

Akamwambia. Hakuwa amepanga kumwambia. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kikombe mkononi, na hakumtania hata kidogo, ndipo Teruo alipojua kwamba mambo ni mazito.

"Na mimi ndiye kisingizio chako?" aliuliza mwishowe. "Mama mzee, mama mzee. Mimi napika mwenyewe, natembea mwenyewe, na majirani nawagombeza mwenyewe. Sikiliza, mwanangu. Ngojangoja huumiza matumbo, na mimi tumbo linaniuma kwa ajili yako tangu nywele zako zilipokuwa nyeusi. Kesho kama hujasema, usirudi hapa. Lala treni."

Ijumaa jioni, kwa Bi Oku, taa zilikuwa zimewashwa mapema kwa sababu ya mvua. Bwana Todo alikunywa, akasimulia mambo ya Osaka kwa sauti ya feri, akayasimulia tena. Mihoko alikuwa amevaa sweta ya kijani ambayo Teruo hakuwahi kuiona. Alikuwa mchangamfu, mchangamfu kupita kiasi, na mara mbili alimwagia Teruo kinywaji kikombe kikiwa bado kimejaa. Supu ilikuja ikaenda. Mkate wa samaki ulikuja, ukaliwa, ukapungua. Kikabaki kipande kimoja.

Bwana Todo aliitazama saa yake, akaanza kutafuta koti.

"Chukua, Bwana Nagafuchi," alisema Mihoko, kwa upole, kama kila siku.

Teruo alinyoosha vijiti, akakichukua kile kipande, akakitia mdomoni.

Bi Oku, aliyekuwa akija kuondoa sahani, alisimama. Bwana Todo alibaki mkono mmoja ndani ya koti. Ilisikika mvua tu na Teruo akitafuna. Alitafuna sana, maana mdomo ulikuwa umemkauka kwa hofu, na kipande hakikukubali kushuka. Mwishowe kilishuka.

"Mkuu," alisema. "Mimi siendi Sapporo. Sitaki. Na Bi Sakane naye sitaki aende."

Bwana Todo alikaa polepole. "Hutaki."

"Sitaki."

"Bwana we, wiki zote hizi nimekuwa nikitafuta neno hilo kama mtu atafutaye maji! Mtu akisema hataki, nina la kuwaandikia. Naweza kugombana nao. Kwa 'itategemea' ningegombana na nani?"

Lakini Teruo hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amemgeukia Mihoko, na Mihoko alikuwa ameweka vijiti chini.

"Hutaki niende kwa sababu ya kazi?" aliuliza.

"Si kwa sababu ya kazi."

"Kwa sababu gani basi?"

Aliona mahali ambapo angeweza kurudi nyuma. Palikuwa hapohapo, pana, penye adabu, na palimwita kwa jina. "Nataka tukae nyumba moja," alisema. "Nataka nikishuka kwenye treni jioni, wewe uwe nyumbani, au nikungoje mimi. Nimelitaka hilo siku nyingi sana. Nilidhani nakupisha."

Mihoko alitazama sahani tupu. Macho yake yalikuwa na maji, naye hakuyaficha.

"Na mimi nilikuwa nakitaka kile kipande," alisema.

"Leo?"

"Leo, na jana, na miaka yote ile kilipokuwa kikiliwa na paka." Akajifuta kwa kiganja, miwani ikaanguka kutoka kwenye nywele, akaiokota. "Bi Oku, tuletee sahani nyingine."

Sahani ikaletwa, vipande bado vya moto, ngozi kahawia, mvuke ukipanda. Bi Oku aliiweka katikati kama kawaida. Mihoko aliivuta upande wake, akachukua cha kwanza, na hakumkaribisha mtu.